Tumekimbia baridi ya Makete tukaja Unguja, muda wa kurudi umekaribia na nimekwama. Naombeni ushauri

Mlima_Pareto:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 62, mke wangu alikuwa karani wa mahakama na yeye kastaafu mwaka jana kwa hiari. Kwetu ni Makete, wanaoijua wanaijua, mwezi wa sita na wa saba unaamka asubuhi unakuta barafu kwenye majani. Mama watoto magoti yanamtesa sana kipindi hicho, mwaka jana alifika mahali anatoka kitandani kwa kushika ukuta. Watoto wakasema tafuteni joto. Basi mwanzoni mwa mwezi wa sita tukafunga nyumba, ng'ombe tukamwachia jirani, tukashuka Dar tukapanda boti, tumepanga vyumba viwili pwani ya mashariki, kijiji naomba nisikitaje.

Wakuu huyu mama sasa hivi anatembea. Maji yakipwa anakwenda mpaka kwenye mashamba ya mwani huko mbali, anakaa na akina mama wa huku wanamfundisha kufunga mbegu kwenye kamba, anarudi kwa miguu yake na samaki wawili wa zawadi. Mimi wiki ya pili niliwafuata wanaotafuta pweza, na kijiti changu, nikawa naangalia chini tu, kuja kunyanyua kichwa mkondo wa nyuma yangu umeshajaa na kuogelea sijui, maji yalinifika kifuani ndo kijana mmoja wa ngalawa akaja kunichukua. Sokoni tulizunguka saa nzima tunatafuta nyanya, kila mtu anasema hana nyanya ana tungule, kumbe ndo hizo hizo. Mwezi huu tumeenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, wanaume wazima wanachapana na migomba halafu kibanda cha makuti kinachomwa moto, mama alicheka mpaka akakaa chini, sijamuona anacheka hivyo tangu tumzike mdogo wake. Usiku upepo wa kaskazi unapiga dirishani unalala kama mtoto.

Sasa tulipanga kurudi mwisho wa mwezi wa nane. Tumeamua, au niseme tuna mawazo, ya kubaki huku moja kwa moja. Je kwa watu wa umri wetu ni busara kuhamia kisiwani uzeeni? Naombeni uzoefu wenu, matusi hapana.

Ukwaju_Mkavu:
Shikamoo mzee. Baki huko huko usirudi. Mimi kazi yangu ya kwanza nilipangiwa Bulongwa, hukohuko kwenu, mtoto wa Tanga mimi sijui koti ni nini. Usiku wa kwanza nililala na viatu. Asubuhi nimefungua bomba nikanawa uso nikahisi nimepigwa kofi, nikarudi kulala nikasema kazi na iwe basi. Kuna mama mmoja pale alinipa blanketi la sufu bila kunijua, mpaka leo nampigia simu kila Krismasi. Watu wa kule wana roho nzuri ila baridi ile ni adhabu.

Fundi_Saa:
Mzee mwenzangu mimi nina 66. Nyumbani ni nyumbani. Makaburi ya wazazi wako yako wapi? Wajukuu wakija likizo watafikia wapi, kwenye vyumba viwili vya kupanga? Kustaafu siyo kukimbia. Tia mkaa kwenye jiko, mnunulie mama soksi za sufu, rudi kwenye ng'ombe wako.

Sista_Zai:
Mzee Pareto joto linapunguza maumivu, halitibu. Mpelekeni mama apigwe picha ya goti ijulikane ni kusagika au ni kitu kingine, maana kila mtu mzima akiumwa goti tunasema baridi yabisi na kumbe ni magonjwa tofauti. Na kwa ninavyoona mimi huenda kilichomsaidia zaidi ni huko kutembea kila siku, hapo mwanzo alikuwa amekaa ndani karibu na moto miezi mitatu.

Ila kuna kitu hujasema. Mtu anayeuliza ahame au asihame hafichi kijiji.

Binti_Kae:
Karibuni sana Unguja mzee wangu, na poleni na mkondo. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapwa mbali mno na yakigeuka yanakuja kwa haraka, yanaanza kujaza mikondo ya nyuma yako kabla hujaona kitu mbele. Ukiona akina mama wa mwani wanakusanya vitu vyao na wewe geuka, usingoje pweza wa mwisho. Na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini hivi kuliko jana, kwa hiyo saa ya jana usiifuate leo.

Suali langu mie. Kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, mlipita kuripoti? Na kuna mtu keshakuonyesha kiwanja?

Mlima_Pareto:
Ahsanteni wote. Dada Zai picha ya goti tutapiga, umenifungua macho. Bi Kae kwa sheha tulipelekwa wiki ya kwanza na mwenye nyumba wetu, tulipokelewa vizuri. Kuhusu kiwanja ni kweli kuna sehemu nimeonyeshwa, pazuri, minazi sita, ukisimama unaona bahari. Ila swali langu lilikuwa la kuhamia uzeeni kwa ujumla.

Kobe_Mwendo:
Umeonyeshwa au umelipia?

Ukwaju_Mkavu:
Hapo sasa.

Mlima_Pareto:
Nimetoa sehemu. Milioni 14 kati ya 20, hela ya kiinua mgongo. Kabla hamjanishambulia naomba mnisikilize. Huyu mzee aliyeniuzia siyo tapeli. Ndiye aliyetupokea siku ya kwanza, mvua ilikuwa inanyesha akatuwekea mizigo kwenye baraza yake, mke wake alimkanda mama magoti kwa mafuta ya nazi jioni tatu mfululizo bila kudai kitu. Mtu wa swala tano. Yeye mwenyewe ndiye alinieleza kuwa mtu wa bara huku hapewi kiwanja kwa jina lake, kwa hiyo tutaandika jina lake na mimi nitajenga, tumeandikiana kwenye karatasi na kila mtu kasaini. Milioni 6 zilizobaki nimeahidi Ijumaa hii. Nimefundisha miaka 36, mtu mwongo namjua kwa macho.

Binti_Kae:
Mzee wangu kaa chini nikwambie kwa heshima zote.

Ardhi si jambo la Muungano. Huku tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ni ya serikali, mtu anapewa haki ya kuitumia, na sheria ya ardhi ya 1992 haki hiyo inampa Mzanzibari. Kuwa Mtanzania peke yake hakutoshi. Hao wa mahoteli wanapitia mamlaka ya uwekezaji wanakodishwa kwa miaka, kwa mikataba mikubwa, siyo karatasi ya daftari. Sasa ukijenga kwa jina la mwenzio, kisheria umemjengea yeye. Huyo mzee anaweza akawa mtu wa peponi kabisa, mie simjui simsemi, lakini akifa kesho warithi wake watakuona wewe ni mpangaji tu.

Na uliza tena, hicho kiwanja ni chake peke yake au cha urithi? Au ni eka tatu, yale mashamba serikali iliyogawia watu baada ya Mapinduzi? Maana eka tatu watu walipewa walime, si kukata viwanja.

Kobe_Mwendo:
Nauliza kitu kimoja tu. Una karani wa mahakama ndani ya nyumba, mtu aliyeshika mafaili ya kesi za mashamba maisha yake yote, yeye hiyo karatasi kaionaje?

Fundi_Saa:
Nasubiri jibu hapa hapa.

Mlima_Pareto:
Hajaiona. Hajui.

Nilitaka nimpeleke siku msingi umeshachimbwa. Miaka 31 ya ndoa tumekaa nyumba za serikali halafu ile ya Makete ilikuwa ya baba yangu, hajawahi kuwa na nyumba aliyoichagua mwenyewe upande wa kutazama. Siku moja alisimama pale kwenye ile minazi bila kujua kitu akasema hapa mtu angeweka kiti asubuhi anywe chai. Ndo nikaenda kutoa hela. Nawaomba mnielewe, nilifanya kwa ajili yake na nina hakika akiona ataelewa.

Sista_Zai:
Baba, hujamficha zawadi, umemficha hela yake. Kiinua mgongo ni cha wote wawili.

Dereva_wa_Usiku:
Mjomba wangu alifanya hivyo hivyo, siyo Zanzibar, yeye Kibaha, akanunua kwa siri amshtue shangazi. Shangazi alikuja kujua siku ya msiba wa mjomba pale watu wawili walipokuja kila mmoja na karatasi yake. Kesi ina miaka tisa. Nikimaliza zamu nitaandika yote maana ni ndefu, kuna mpaka sehemu ya mganga.

NusuMkate:
Jamani mnalishwa chai na mnaomba sukari. Mwezi wa saba upepo wa KASKAZI Unguja? Kaskazi ni kuanzia huko Novemba Desemba mpaka Machi, saa hizi ni kusi tupu, mtoto mdogo wa pwani anajua. Halafu post ya kwanza "tumeamua", sasa hivi mama hajui. Halafu wiki nane mtu kafanya mwani, kafanya pweza, kaokolewa na ngalawa, kaenda Mwaka Kogwa, huyu kajikusanyia habari za watalii akazifunga kamba. Weka picha ya karatasi tuone.

Ukwaju_Mkavu:
Duh, upepo kweli. Hata mimi mtu wa Tanga nimepitwa.

Kobe_Mwendo:
Kuna uzi ulikuwepo humu zamani kidogo unafanana, mzee mstaafu yuko Mafia na mkewe, eti kila asubuhi ya mwezi wa saba wanaogelea na papa potwe. Papa potwe Mafia msimu wao Oktoba mpaka Machi. Watu walichanga mpaka hela ya nauli.

Mtoto_wa_Kilindoni:
Samahani hapo nakupinga. Msimu wa kuwaona juu ni huo uliousema ila siyo kwamba wote wanahama, wavuvi wa kwetu wanakutana nao miezi mingine wakiwa chini zaidi. Msiseme kitu cha Mafia kama hamjatoka na boti kule Nyamisati.

Kobe_Mwendo:
Kwa hiyo yule mzee alikuwa mkweli?

Mtoto_wa_Kilindoni:
Sijasema hivyo. Kila asubuhi ni uongo.

Mlima_Pareto:
Nimesoma yote. Sijaomba hela ya mtu humu na sitaomba.

Upepo: nimezaliwa mlimani, kwetu upepo ni upepo tu. Niliwasikia watu wa huku wakitaja kaskazi nikadhani ndo jina la upepo wa baharini. Nimemuuliza yule kijana wa ngalawa leo, amesema ni kusi, na ndo maana nje ya mwamba bahari imechafuka. Nimekosea, nakubali. Picha siweki, ina jina la mtu ambaye hajahukumiwa na yeyote. Na hilo la tumeamua, niliandika vile ninavyotamani iwe.

Dada Zai maneno yako yameniuma kuliko ya huyo anayeniita mwongo. Sijalala.

Sista_Zai:
Mwambie leo baba. Kabla ya Ijumaa, kabla ya hiyo sita. Usingoje akusikie kwa watu, huko kijijini na akina mama wa mwani hakuna siri.

Binti_Kae:
Na mkishazungumza nendeni kwa sheha wote wawili, mbele ya huyo mzee, kwa upole. Mkitaka kubaki kodini nyumba kwa mkataba wenye mashahidi. Au njooni kila mwaka mwezi wa sita mrudi wa tisa kama wageni wetu, hakuna dhambi.

NusuMkate:
Chai bado iko jikoni. Nasubiri.

Mlima_Pareto:
Nimemwambia jana usiku. Alikuwa anamenya mbatata. Hakupiga kelele, aliweka kisu chini akauliza nani alisaini ushahidi. Nikasema hakuna. Akaomba karatasi, akaisoma mara mbili, akainyoosha kwa kiganja kama alivyokuwa anafanya na mafaili.

Halafu akaniambia kile kiwanja anakijua. Kule kwenye mwani wanakizungumza wiki ya tatu sasa. Ni cha urithi, cha huyo mzee na dada zake wawili, na mmoja wa hao dada ndiye anayemfundisha kufunga mbegu. Huyo dada hajaulizwa, ameskia tu kwamba kaka yake anachukua hela kwa mtu wa bara. Mama akasema, nilikuwa namuonea huruma huyo mtu wa bara, nikawa najiuliza hana mke.

Hapo sikuwa na la kujibu wakuu. Nilitoka nje nikakaa barazani mpaka alipokuja yeye mwenyewe kuniletea shuka.

Sita haitoki. Jumatatu tunakwenda kwa sheha, mimi, yeye na huyo dada, na mzee ameitwa. Mama amesema atazungumza yeye, mimi nisalimie tu. Bado naamini yule mzee hakuwa na nia mbaya, nadhani alidhani atawaelewesha dada zake baadaye kama nilivyodhani mimi kuhusu mke wangu. Leo asubuhi kapita mbele ya nyumba akatusalimia, akateremsha macho.

Kurudi Makete sijui. Jirani kapiga simu ng'ombe kazaa ndama jike. Saa hizi maji yamepwa, mama kaenda kwenye mwani kama kawaida.

Fundi_Saa:
Ndama jike. Hongera mzee mwenzangu. Huyo mama mshike vizuri.

Dereva_wa_Usiku:
Nimetoka zamu. Ile ya mjomba niandike hapa au nifungue uzi wangu?

Ukwaju_Mkavu:
Fungua wako. Mzee Pareto pole sana. Naomba kuuliza, hivyo vyumba viwili mkitoka mwezi wa nane mwenye nyumba anaweza kumpokea mama mmoja wa Bulongwa? Ni yule wa blanketi, magoti yake sasa hivi ni kama ya mama yetu hapo mwanzo.