Msimbo wa QR wa milimita 15 kwenye lebo ya asali: kwa nini baadhi ya simu zinaukataa?

Mfungasha_Asali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu kinafungasha asali ya Tabora katika chupa za duara za gramu 250, na tumeamua kuweka msimbo wa QR kwenye lebo ili mnunuzi aone asali imerinwa wapi na lini. Lebo tunazichapa wenyewe kwa printa ndogo ya joto yenye nukta 203 kwa inchi. Baada ya kuweka jina, uzito, tarehe na namba ya simu, nafasi iliyobaki ilitosha msimbo wenye upana wa milimita 15 tu. Simu yangu inausoma papo hapo, lakini ya katibu wetu, ambayo ni ya bei nafuu, inahangaika hadi mtu anakata tamaa, na wateja wawili wamekwisha kulalamika. Ndani ya msimbo kuna linki ya herufi 128, na nilichagua kiwango H cha kusahihisha makosa, yaani kile cha juu kabisa kinachoruhusu msimbo usomeke hata sehemu yake ikifunikwa, kwa kuwa nilitaka nembo yetu ikae katikati. Ukubwa sahihi ni upi? Na kwa bango la banda letu la Nane Nane, ambalo watu watalisoma wakiwa umbali wa kama mita 3, niuchape kwa ukubwa gani?

Fundi_Lebo

Ndugu, kabla ya kuuliza msimbo uwe na sentimita ngapi, uliza kimraba kimoja kina milimita ngapi, kwa sababu kamera inachotafuta ni vile vimraba vyeusi na vyeupe. Msimbo mdogo kabisa una vimraba 21 kwa 21, na kila unapoongeza maneno ndani yake unapanda daraja, vimraba 4 zaidi kila upande, hadi kufikia 177. Herufi zako 128 katika kiwango H zinahitaji vimraba 61 kwa 61. Gawanya milimita 15 kwa 61, unapata robo milimita kwa kila kimraba, na hapo simu yenye kamera dhaifu imekwisha kushindwa.

Kuna jambo jingine baya zaidi, ambalo wengi hawalioni. Printa yako ina nukta 8 kwa milimita, kwa hiyo milimita 15 ni nukta 120. Vimraba 61 vikigawiwa nukta 2 kila kimoja vinahitaji nukta 122. Nukta 2 zimepungua, na kwa kuwa printa haiwezi kuchapa nusu ya nukta, kuna safu zilizopata nukta moja badala ya mbili. Ukiitazama lebo kwa kioo cha kukuzia utaziona zimebanwa kuliko jirani zake.

Ushauri wangu ni kwamba msianze kwa kukuza msimbo, bali muanze kwa kupunguza kilichomo. Ikiwa kikundi kina tovuti yake, tengenezeni linki fupi isiyozidi herufi 26 inayoelekeza kwenye ule ukurasa mrefu. Huduma za bure za kufupisha linki mimi siziamini kwa kazi hii, kwani chupa yaweza kukaa dukani muda mrefu kuliko huduma yenyewe. Ondoeni nembo katikati ya msimbo, kwani ipo tayari juu ya lebo, kisha mshuke hadi kiwango M, ambacho bado huokoa takriban asilimia 15 ya msimbo ukichafuka. Mtapata vimraba 25 kwa 25. Mkivipa nukta 5 kila kimoja, msimbo utakuwa na milimita 15.6, karibu sawa na ule wa sasa, lakini kila kimraba kitakuwa kimekua zaidi ya mara mbili. Acheni pia ukingo mweupe wa vimraba 4 kila upande, yaani milimita 2.5, ambao si pambo wala nafasi ya kuandika namba ya simu.

Kwa bango, kanuni ya kazini ni kugawa umbali kwa 10: mita 3 zinataka sentimita 30. Uwekeni usawa wa kifua, kwa maana ukiwa chini utazibwa na meza na miguu ya watu.

Mchora_Vifungashio

Naunga mkono, na ninaongeza suala la mviringo wa chupa, kwa sababu hapo kukuza msimbo kunaweza kuleta hasara. Kwenye chupa yenye kipenyo cha milimita 60, msimbo wa sentimita 2 hubanwa pembeni kwa takriban asilimia 5 tu, na simu haijali. Ukiufanya wa sentimita 4 kwenye chupa hiyo hiyo, vimraba vya pembeni vitaonekana vimepungua upana kwa karibu moja ya tano.

Duka_la_Kona

Naomba kuongeza angalizo kwa wanaosoma hapa wakifikiria misimbo ya malipo. Msimbo wa TANQR, yaani ule wa pamoja wa malipo Tanzania, unaopewa na benki au kampuni ya simu una maelezo ya mfanyabiashara ndani yake, kwa hiyo huwezi kuufupisha kama linki ya asali. Huo utauchapa kwa ukubwa zaidi, na uombe faili la PDF au SVG, ambalo hukuzwa bila vimraba kuharibika. Mimi niliwahi kumpelekea mchapaji picha niliyotumiwa kwa WhatsApp, naye akaivuta upande mmoja ili ijaze stika. Nilikaa wiki nzima nikiwatajia wateja namba kwa mdomo.

Mfungasha_Asali

Nawashukuru sana. Nimepima leo: linki mpya ina herufi 24, msimbo una vimraba 25, na pamoja na ukingo umechukua milimita 20 na kidogo. Ilinibidi nihamishe namba ya simu chini ya tarehe na kuufuta mstari wa mapambo uliokuwa umegusa kona ya msimbo. Simu ya katibu imeusoma kutoka kama sentimita 15, hata baada ya kuushika kwa kidole chenye asali. Mwenzetu mmoja angependa msimbo wa bango uwe wa rangi ya dhahabu kwenye nyeupe. Je, inafaa?

Fundi_Lebo

Haifai. Dhahabu kwenye nyeupe haina tofauti ya kutosha ya mwanga na giza, hasa juani. Tumieni nyeusi, au kahawia iliyokolea sana kama ni lazima. Na kama printa yenu haitumii utepe wa wino, zile chupa za maonyesho zisipangwe kwenye jua, kwa sababu karatasi ya joto hufifia, na siku ya mwisho ya maonyesho mtajikuta na lebo ambazo hata tarehe haisomeki.