Baba kapunguziwa chumvi na nazi, sasa sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda

Binti wa Chumbageni

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Nina jambo linaniumiza, na naamini humu wapo waliolipitia.

Baba yangu ana miaka 68, ninaishi naye hapa Tanga, Chumbageni, pamoja na mume wangu na watoto. Huu mwezi wa tatu tangu apimwe akaambiwa presha iko juu. Dawa anakunywa, hapo hana tatizo. Tatizo ni chakula. Tuliambiwa chumvi ipunguzwe, nazi ipunguzwe, vya kukaanga viachwe. Basi nikawa nachemsha kila kitu: samaki wa kuchemsha, mchicha wa kuchemsha, ndizi za kuchemsha. Na huyu ni mtu aliyekulia Pangani, mtu wa wali wa nazi na mchuzi wa papa, asubuhi mbaazi na maandazi. Wiki ya kwanza alikula kwa kunistahi. Sasa anagusa kidogo anaosha mikono. Usiku anaaga kuwa ananyoosha miguu, kumbe anakwenda barabarani kula mihogo ya kukaanga na chachandu. Nilimwona. Sikumsema, nilimwonea huruma.

Jana kaniambia, "Mwanangu, chakula chako sasa nakila kama dawa, na dawa ninazo tayari."

Naombeni mnifundishe. Nipikeje kikawa na afya na baba akakifurahia?

Mama Lishe Makorora

Pole mwanangu, na baba mpe salamu zangu. Nimepika chakula cha kuuza miaka 22, na marehemu mume wangu alikuwa na presha hiyo hiyo. Ninachokuandikia nimekipika kwa mikono yangu.

Wewe umeondoa chumvi ukaacha pengo. Ulimi wa mtu wa pwani ukikosa chumvi unataka uchachu. Upe ndimu, ukwaju, mbilimbi, embe bichi. Chukua kibua au changu, mpasue, mpake kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na bizari kidogo, kamulia ndimu mbili, muache saa nzima ashike. Mchome kwenye mkaa uliotulia, siyo moto unaowaka. Chumvi nyunyiza juu akikaribia kuiva, kiasi cha ncha za vidole. Ikiwa juu ulimi unaikuta mapema, kidogo inatosha. Ukiitia kwenye mchuzi unaochemka inapotelea humo, unaonja, unaongeza, unaonja, unaongeza.

Nazi usimnyime kabisa. Pale ulipokuwa unakuna nazi nzima, sasa ukune nusu. Pikia tui la pili, lile jepesi, na lile zito bakiza vijiko vitatu umalizie mwishoni kabisa, kisha epua. Harufu inakaa juu, mtu anajua kala cha nazi. Fanya hivyo kwa mbaazi, kwa matembele, kwa kisamvu. Na mbaazi usimwachishe, hizo ndizo chakula hasa! Kinachoondoka ni andazi, mahali pake weka kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha.

Mchicha osha kabla hujakata. Bandika kitunguu na nyanya na mafuta kijiko kimoja, vikilainika tia mchicha, dakika tatu nne, epua ungali kijani. Ule unaochemshwa mpaka umekufa, maji yakamwagwa, umemwaga ladha na vitamini pamoja.

Chai mtilie mchaichai, iliki na mdalasini. Sukari ipunguze nusu kijiko kila wiki, hatastuka. Na vile viungo vya vipakiti viondoe jikoni leo hii, vingi vimejaa chumvi.

Sasa nikuulize, na usinichukie: nyinyi wengine hapo nyumbani mnakula nini?

Mvuvi wa Sahare

Mama kasema yote. Mimi naongeza la dagaa. Dagaa wetu wa baharini wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo mtu anajiona hajatia chumvi kumbe anaila. Waloweke maji ya moto, mwaga, suuza tena ndipo upike. Usiwaache, wanaliwa na mifupa yao, ni wazuri kwa mifupa ya mzee. Na ukitaka kibua kibichi kweli, nenda soko la samaki la Deep Sea mapema, tazama jicho liwe limejaa na linang'aa. Samaki mbichi hahitaji mambo mengi.

Kijana wa Usagara

Wazee wetu walikula nazi asubuhi na jioni na wakaishi sana. Nazi haina kosa.

Afisa Lishe, Muheza

Kaka, wazee hao walitembea kwenda shamba na kurudi, na walichokuwa nacho sahanini ni muhogo, kunde, mboga za majani na samaki. Tui lina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, ndiyo maana tunasema kidogo. Alivyoeleza mama ni sawa kabisa.

Dada, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Hesabu na ya mkate, na ya dagaa. Usimnunulie chumvi mbadala bila kumuuliza daktari, nyingi zina potasiamu na zinaweza kugongana na baadhi ya dawa za presha au kumdhuru mwenye figo dhaifu. Sahani yake nusu iwe mboga, robo wanga, robo samaki au mikunde. Matunda ayatafune: chungwa la kumenya lina nyuzinyuzi ambazo juisi iliyochujwa haina.

Binti wa Chumbageni

Shikamoo mama. Swali lako nimekaa nalo siku mbili. Ni kweli, napika sufuria mbili. Sisi tulikula wali wa nazi, yeye tulimwekea chakula chake pembeni, kwenye meza ile ile. Sikuliona mpaka uliponiuliza.

Ijumaa nilipika sufuria moja. Kibua wa kuchoma, matembele ya tui jepesi, wali kidogo, kachumbari yenye embe bichi. Mume wangu aliomba chumvi, nikamsogezea ndimu. Baba alimla samaki mpaka kwenye mashavu, akasema embe ingekatwa nyembamba zaidi. Jioni hakutoka.

Sasa anaulizia mchuzi wa papa mkavu. Nimwambie hapana?

Mama Lishe Makorora

Marahaba mwanangu. Usimwambie hapana, ila iwe mara moja kwa mwezi. Kipande kidogo, kiloweke usiku kucha, maji badilisha mara mbili, kichemshe umwage tena. Chumvi usitie hata chembe. Tia ukwaju, na bilinganya nyingi.