Mtoto anayekufa kwa saratani: tumfanyie utafiti au tumwache apumzike?

Mleta mada (muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa mahututi): Kila utafiti kuhusu siku za mwisho za watoto wenye saratani unapofika kwenye kamati ya maadili, hoja ni ileile: msiwaguse, wameumia vya kutosha. Naipinga. Mwaka 2000 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha majibu ya wazazi waliofiwa. Asilimia 89 walisema mtoto aliteseka sana kwa angalau dalili moja katika mwezi wa mwisho. Kwa watoto waliotibiwa maumivu, tiba ilifanikiwa kwa asilimia 27 yao tu. Tungejuaje bila kuuliza?

Mama aliyefiwa: Dada, mimi nimezika. Wiki ile ya mwisho angenijia mtu na dodoso ningemfukuza, maana nilikuwa nahesabu pumzi za mwanangu. Na ungekataaje, wakati anayekuomba ndiye anayeshika dawa ya mtoto? Ridhaa ya namna hiyo imejaa hofu.

Mchangiaji: Na pasipo na morfini, ile dawa ya maumivu makali, je? Kumwuliza mtoto anaumwa kiasi gani, kisha ukaondoka mikono mitupu, ni ukatili.

Muuguzi: Kaka, hapo sina ubishi: dawa itangulie. Mama, pole sana. Anayeomba ridhaa asiwe yule anayetibu, hilo nalisimamia. Ila wazazi wa Sweden waliofiwa miaka ya 1990 walipoulizwa baadaye, karibu wote waliona utafiti una thamani, ingawa zaidi ya robo walikiri uliwaumiza. Wazazi 147 walikuwa wamezungumza na mtoto kuhusu kifo, hakuna aliyejuta. Kati ya 258 walionyamaza, 69 walijuta.

Mama aliyefiwa: Hao waliulizwa miaka imepita. Mimi nasema pale kitandani.

Muuguzi: Hata kitandani, mama. Utafiti wa mwaka 2005 uliwahoji wagonjwa 20 wa miaka 10 hadi 20, siku chache baada ya kushiriki uamuzi mzito kuhusu tiba ya mwisho wa maisha. Walieleza vizuri walichoamua na sababu zake, na walichokitaja zaidi ni watu wao: wanavyowajali, wasivyotaka kuwaumiza.

Mama aliyefiwa: Wangu alikuwa na miaka tisa. Alimwuliza mfanya usafi wa wodi kama kufa kunauma. Mimi hakuniuliza. Basi awepo mtu wa kuketi naye, ila aanze kwangu, na mtoto akigeukia ukutani, afunge daftari.