Mrejesho: jedwali la kuzidisha wakati wa likizo ya Juni

Wadau, niliuliza namna ya kumzuia mtoto wa darasa la tatu asisahau jedwali la kuzidisha likizoni. Ushauri mlionipa wa kumuuliza kwa kadi za maswali umefanya kazi, ila na marekebisho.

Kuanzia 2 hadi 9 maswali ni 36 tu, kwa kuwa 3×7 na 7×3 ni kadi moja. Manila moja inatosha: gawanya safu 6 kwa 6. Swali mbele, jibu nyuma, kwa kalamu ya kawaida. Maka penu inapenya na mtoto anasoma jibu kupitia karatasi.

Andaa maboksi matatu. La kwanza hupitiwa kila siku, la pili siku moja ndiyo, siku moja hapana, la tatu Jumamosi. Akipatia, kadi inasogea mbele. Akikosea inarudi la kwanza, hata kama ilikuwa la tatu. Akihesabu kwa vidole, hajapatia. Kadi mpya zisizidi nne kwa siku, maana zikirundikana boksi la kwanza dakika 15 hazitoshi na mtoto anaanza kubahatisha. Zinazosumbua ni 6×7, 6×8, 7×8. Msizilete siku moja.

Fanyeni asubuhi, kabla ya TV kuwashwa. Jioni, loh, ni kugombana tu.

Aliyeshauri hesabu za sokoni, asante: mafungu manne ya nyanya, kila fungu 500, noti ya 5,000, chenji aitaje mtoto kabla ya muuzaji.