Mrejesho: kishikio cha altaneta nilichojitengenezea

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini kishikio cha altaneta (kifaa kinachozalisha umeme wa gari) cha gari langu la mashindano, nilichokata kwa alumini ya 6061-T6 (aina iliyofanywa ngumu kwa joto), kilipasuka baada ya mizunguko michache tu ya mbio. Waliosema kosa ni kona ya kishikio, si unene wake, walipatia. Nilikikunja kwa pembe kali kwenye jiliwa (kibano cha mezani), na alumini ya aina hiyo haipendi kukunjwa hivyo. Nilipomulika tochi upande wa nje wa mkunjo, nikaona nyufa nyembamba kama unywele. Kukichomelea nilikataa, maana joto lingeilainisha alumini pembeni ya weldi.

Safari hii nimetumia chuma laini cha milimita 4. Nilianza na kiolezo cha kadibodi, nikakunja juu ya kipande cha bomba ili kona iwe ya mviringo, kisha nikapiga tupa na msasa kingo zote mpaka alama za msumeno zikaisha. Hiyo tupa ilinila jioni nzima, mikono bado inauma! Uzito umeongezeka kidogo, sijali. Siku mbili za mazoezi, hakuna ufa. Vipuri vya breki na usukani sijaribu kujitengenezea, hivyo vyote nanunua.