Naomba ushauri: vekta ya AAV nimeikoleza vizuri, lakini seli hazitoi protini

Mleta uzi: Ndugu zangu, natengeneza AAV (kirusi kidogo kinachotumiwa kama vekta, yaani chombo cha kupeleka jeni ndani ya seli) kwenye seli za HEK293 (seli za binadamu zinazokuzwa maabara), naisafisha kwa gradienti ya iodiksanoli (matabaka ya kimiminika yenye msongamano tofauti), kisha naikoleza kwa kichujio cha sentrifuji. Kipimo cha qPCR (huhesabu nakala za kipande cha DNA) kinaonyesha jenomu nyingi, ila seli zinazopewa vekta hiyo hazitoi protini ninayoitarajia. Je, niikoleze zaidi?

Nuru: Kagua kichujio kwanza. AAV hunata kwenye plastiki, na ikikolezwa mno katika bafa yenye chumvi kidogo chembe zake hushikamana. Kwetu mambo yalitengemaa tulipoanza kuloweka vichujio kwa Pluronic F-68 (kemikali inayozuia kunata), na tangu hapo hatujaiacha.

Msomi: Hujataja jeni. Ni ipi, na ina urefu gani?

Mleta uzi: Plasmidi (duara la DNA lililobeba jeni) ilisomwa mfuatano wote na haina kasoro, kwa hiyo sioni kama jeni ndiyo tatizo.

Msomi: Urefu, tafadhali.

Mleta uzi: Ni ABCA4, jeni ya protini ya retina ya jicho, besi takriban 6,800 bila promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni). Lakini plasmidi zimeshatengenezwa, na qPCR inathibitisha kwamba DNA imeingia ndani ya kapsidi, yaani ganda la protini la kirusi.

Msomi: Jenomu ya AAV ina besi kama 4,700 tu. Kinachozidi hapo hukatika wakati wa kufungashwa, na qPCR, kwa kuwa hupima kipande kifupi, haiwezi kukuambia kama jenomu ni nzima.

Mzee Tafakari: Tusisahau kwamba mwaka 1999 kijana Jesse Gelsinger alifariki katika jaribio la tiba lililotumia adenovirusi, kirusi tofauti na AAV. Tabia ya kuongeza dozi kila matokeo yanapokosekana ianze kukomeshwa huku huku maabara.

Kitambo: Nina shaka na kisa hiki. Anayemudu gradienti ya iodiksanoli atakosaje kujua kikomo cha AAV? Hili ni swali la mtihani.

Mleta uzi: Si la mtihani. Tabaka la iodiksanoli la asilimia 25 na la 60 nayatia fenoli nyekundu, la 40 naliacha bila rangi. Nachoma sindano chini kidogo ya mpaka wa 40 na 60, navuta polepole, na naacha kabla utando mweupe wa protini ulio juu haujaifikia sindano. Kikomo nakijua, ila niliegemea ripoti kwamba vipande huweza kuungana ndani ya seli.

Msomi: Huungana, lakini kwa nadra na bila mpangilio. Endesha jeli ya alkali (hutenganisha nyuzi za DNA kwa urefu) uone urefu halisi wa DNA uliyonayo. Njia ya uhakika zaidi ni kugawa jeni katika vekta mbili, kama ilivyofanyika kwa OTOF, jeni inayohitajika katika kusikia, ambapo matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha watoto waliozaliwa viziwi wakianza kusikia. Ugumu wake ni kwamba vekta zote mbili lazima ziingie katika seli ileile.

Mleta uzi: Jeli nitaiendesha, ingawa vekta iliyopo bado sijaamua kuitupa. Aliyewahi kuunganisha nusu mbili za protini kwa inteini (kipande cha protini kinachojikata na kuunganisha sehemu za pande zake) anieleze alichaguaje mahali pa kukata.