Tupeane uzoefu: haya madarasa ya mazoezi ya bei mbaya yanalipa kweli?

Mama Wawili wa Mbezi: Wakuu habari za leo. Wifi yangu kanitumia bei za studio moja ya Pilates, yale mazoezi ya kukaza tumbo na mgongo, kule Masaki, zile mashine za springi zenye kitanda kinachoteleza. Darasa moja elfu 45, ukichukua pakeji ya madarasa kumi ni laki tatu na themanini, na inaisha muda baada ya siku 30 umalize usimalize. Mgongo unanisumbua tangu nijifungue mtoto wa pili, ofisini nakaa kwenye kiti kutwa nzima halafu foleni ya Bagamoyo Road inanimalizia. Hela naweza kuipata kwa kubana ila hiyo kwangu ni hela ya ada. Mliowahi kulipia hivi vitu, Pilates, baiskeli, ngumi, yoga, mlipata mlichokilipia? Sitaki kupambwa wala kukatishwa tamaa, nataka mtu aliyetoa hela yake mwenyewe mfukoni.

Zege na Bomba: Dada laki nne kwa madarasa kumi?? Njoo Tabata, gym ya mtaani buku mbili kwa siku, vyuma vya zege, kocha yupo na anakujua kwa jina. Misuli haijui kama chuma kimetoka ulaya au kimemwagwa kwenye ndoo ya rangi.

Mpole wa Sinza: Hapo kwenye misuli haijui umemaliza mkuu.

Wa Kileleshwa: Hapa Nairobi hadithi ni ile ile. Class moja nalipa 2,500 za Kenya, ukichelewa wanafunga mlango, ukikansel chini ya masaa kumi na mbili pesa imeenda. Nilikuwa naona ni wizi lakini ukweli ni kwamba hiyo sheria ndiyo inanitoa kwa kitanda saa kumi na moja asubuhi. Gym ya kawaida nilikuwa nalipia mwaka mzima na hakuna mtu alikuwa anaulizia kama nimekuja ama niko hai. Kwa hivyo mimi sinunui mazoezi bana, nanunua mtu wa kunisubiri. Weekend naenda kutembea msitu wa Karura, ticket ni kidogo tu.

Dada wa Kigamboni: Nimeona neno baiskeli nikasema leo niandike, maana hii kitu sijawahi kuieleza yote. Ofisini kwetu tulipewa vocha za darasa la kujaribu kwenye studio moja ya baiskeli za ndani, mnajua zile taa wamezima muziki juu, mwalimu yuko mbele na maiki anapiga kelele ongeza, ongeza, usishuke. Mimi ni mtu natembea sana, sikuwa mnene wala mgonjwa, na pale mlangoni hakuna aliyeniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Dakika arobaini na tano nzima. Nilivyoshuka miguu inatetemeka, yule mwalimu akanipongeza akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kesho yake siwezi kukaa chooni mpaka nishike ukuta, nikasema ni mazoezi, kila mtu ananiambia ni mazoezi, utazoea. Siku iliyofuata mapaja yamevimba suruali haipandi, yamekuwa magumu ukigusa nalia, halafu jioni nikaenda kukojoa nikaona mkojo mweusi, rangi ya Coca-Cola kabisa, siongezi chumvi. Nikadhani ni damu. Mume wangu akanibeba kwenye gari, kivukoni foleni tukazungukia darajani, njia nzima nawaza wanangu. Daktari wa zamu alikuwa kijana mdogo lakini Mungu ambariki, aliuliza swali moja tu, juzi ulifanya kazi gani nzito? Nikamwambia baiskeli. Akasema misuli imepasuka, ile takataka yake imeingia kwenye damu inakwenda kuziba figo, wakaniambia jina lake rabdo. Kipimo cha misuli ambacho kwa mtu mzima hakizidi mia mbili na kitu changu kilikuwa maelfu kwa maelfu. Dripu juu ya dripu, wanapima mkojo kila saa, na neno dayalisisi, kusafishwa damu kwa mashine, lilitajwa pale mbele yangu. Sikufika huko alhamdulillah, figo zilirudi. Nilipowapigia studio wakasema tulijaza fomu.

Mpole wa Sinza: Mkojo rangi ya KOKA? Pole sana dada.

Mama Wawili wa Mbezi: Jamani. Pole mno dada yangu, nimesoma hii mara mbili.

Boksa Mstaafu: Pole dada ila tusitishe watu. Nimefundisha mazoezi muda mrefu sijawahi kuona hiyo kitu. Mtu akisoma hapa kesho hata ngazi hatapanda.

Nesi wa Zamu: Kaka hujaiona kwa sababu wao hawarudi kwako, wanakuja kwetu. Rabdo ipo na kwenye baiskeli za ndani inajulikana hasa kwa anayeanza, maana misuli ya paja ni mikubwa na pale mtu anaweza kujisukuma kupita uwezo wake bila kuanguka. Hata mtu mwembamba, hata kijana. Shikeni dalili: maumivu makali kupita kiasi cha zoezi, misuli kuvimba na kulegea, mkojo wa kahawia au mweusi. Ukiona hivyo usilale nyumbani, na tafadhali msimeze diklofenaki wala brufeni kutuliza, hizo zinaongeza mzigo kwenye figo. Hospitali, dripu mapema, wengi wanapona.

Boksa Mstaafu: Sawa nesi, nimekuelewa. Ila ukubali pia kosa ni la mwalimu, siyo la baiskeli.

Nesi wa Zamu: Hilo nakubali asilimia mia.

Dada wa Kigamboni: Asante nesi. Mimi baiskeli sina ugomvi nayo, nina ugomvi na mtu anayechukua elfu thelathini na tano ya mtu halafu hajui aliyekaa mbele yake ni nani.

Mchakamchaka FC: Ndiyo maana sisi Temeke tuna jogging yetu. Jumamosi alfajiri, fulana moja, nyimbo, wazee mbele vijana nyuma hakuna anayeachwa. Mchango wa mwezi haufiki bei ya hiyo baiskeli na ukifiwa klabu nzima inakuja msibani. Studio gani itakuja msibani kwako? Barabara ni bure jamani, acheni kutajirisha watu.

Bint Maisara: Barabara ni bure kwa nyie wanaume. Mie nipo Unguja, nikitoka kukimbia na baibui langu kila kibaraza kina la kusema, mara dada unakimbizwa na nani, mara pikipiki inanifuata taratibu mpaka najuta. Nalipia darasa la wanawake watupu, mlango umefungwa, mwalimu mwanamke, navua mtandio nafanya mazoezi nikiwa na amani. Ghali? Ghali hasa. Lakini nimepata saa moja hakuna mtu ananitazama. Hilo hamlijui bei yake.

Zege na Bomba: Si ufanyie nyumbani basi, YouTube imejaa.

Bint Maisara: Nyumbani kuna watoto watatu na mama mkwe, nikitandika mkeka tu naulizwa chakula kiko wapi. Kaka yangu wewe gym yako ya zege ina wanawake wangapi?

Zege na Bomba: Wapo.

Bint Maisara: Nakuuliza wangapi.

Zege na Bomba: Mmoja, na ni dada wa mwenye gym. Haya dada, hapo umenishika, nitaongea na kocha watenge masaa.

Mchakamchaka FC: Kwetu wanawake ni wengi kuliko wanaume, njoo Temeke uone. Ila nimekusikia bi mkubwa, ukiwa peke yako ni mambo mengine.

Mnyoosha Viungo: Turudi kwa mwenye mada, mgongo wake umesahaulika. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Dada, Pilates inasaidia mgongo, ndiyo, ila tafiti zikilinganishwa hakuna ushahidi wa uhakika kwamba inazidi mazoezi mengine. Linalosaidia ni lile utakaloendelea nalo. Na wewe umejifungua, kabla ya kulipa popote kapimwe misuli ya tumbo la mbele kama imeachana, maana ikiwa imeachana kuna mazoezi hutakiwi kuyakimbilia, na kwenye darasa la watu wengi hakuna atakayeona tumbo lako linavyotokeza katikati. Joseph Pilates mwenyewe alikuwa Mjerumani, Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walimweka kizuizini kisiwa cha Man, huko ndiko aliwafanyisha wenzake mazoezi ya sakafuni. Aliacha pia mazoezi mengi ya mkekani, bila hiyo mashine. Mashine inasaidia mwili kuona njia lakini siyo lazima. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Darasa moja la dakika hamsini kwa wiki halifiki huko, utembee tu hata ukilipa milioni.

Wa Kileleshwa: Daktari amesema. Lakini mimi siachi yangu ya 2,500.

Mpole wa Sinza: Mimi nasema asilipe. Atembee daraja la Tanzanite jioni, upepo wa bahari bure.

Boksa Mstaafu: Alipe, ila awaulize maswali. Darasani mko wangapi kwa mwalimu mmoja? Mgeni anaanzishwa peke yake? Pakeji naweza kuisimamisha nikiugua? Mwalimu kasomea wapi? Wakibabaika kwenye hilo la kwanza ondoka.

Mama Wawili wa Mbezi: Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote, sikutegemea. Nimewapigia saa hii hii. Watu kumi na wanne kwa mwalimu mmoja, na nilipomwambia habari ya kujifungua akaniambia usijali utazoea. Baada ya kusoma ya dada wa Kigamboni hilo neno utazoea limenitosha, silipi. Nakwenda kwanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia nipimwe tumbo, halafu wifi yangu anasema kuna mama Kijitonyama anafundisha Pilates ya mkekani nyumbani kwake, wanawake wanne tu, elfu 15. Yule nitakwenda kumuona Jumanne.

Bint Maisara: Nina mdogo wangu Dar anatafuta kitu hicho hicho. Ukishamuona na ukaridhika naye nitumie namba yake inbox tafadhali.

Mpole wa Sinza: Na mimi nitumie, ya mke wangu.